Mpiga picha aliyewatawanya shangazi zangu

Nimekaa na hasira hii miezi kadhaa kabla ya kuiandika, na bado haijapoa. Kwa harusi ya mdogo wangu hapa Tanga tulimwajiri mpiga picha wa kike, mmoja wa hawa wanaofuata mtindo wa dokumentari, yaani wanaolipiga tukio jinsi lilivyo bila kumpanga mtu wala kumwambia atabasamu. Alichowafanyia shangazi zangu mchana ule sitamsamehe kwa urahisi, ingawa katika picha zote za harusi zilizowahi kuingia nyumbani kwetu sijaona zinazozifikia alizotuletea.

Mimi ndiye niliyemtafuta. Nilikuwa nimechoshwa na albamu ambazo ukizifunua huwezi kujua ni harusi ya nani, maharusi wameinamishiana vichwa chini ya maua ya plastiki, wameshika mikono mahali walipoelekezwa kuishika, na ukumbi mzima umegeuka weupe kwa mwanga wa flashi. Tulipokutana kupatana bei alinisimulia habari za Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye mwaka 1937 alikwenda London kwenye sherehe za kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita, akaelekeza kamera yake kwa watu waliokuwa kando ya barabara badala ya kumpiga mfalme. Harusi nayo, alisema, iko kwa watu waliokuja kuitazama. Maneno hayo yaliniingia, na siku iliyofuata nikamlipa nusu ya fedha.

Alifika alfajiri, kina mama wakiwa ndiyo kwanza wanawasha kuni. Aliwaamkia wakubwa mmoja mmoja, akaketi kwenye kigoda karibu na mafiga, na kwa muda mrefu hakuigusa kamera. Kufikia saa mbili hakuna aliyekumbuka kwamba yumo. Matokeo yake ni picha ya baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa walii, amesimama peke yake nyuma ya turubai na kanzu yake mpya, karatasi mkononi, midomo ikijaribu yale maneno ya kumwozesha binti yake kabla hajayatamka msikitini mbele ya watu. Hakuna aliyejua kwamba mzee alikwenda kule nyuma. Mama alipoiona picha hiyo aliinuka akaingia chumbani, akafunga mlango. Kuna nyingine ya majirani wawili wanaopepeta mchele huku mmoja amelala usingizi akiwa ameketi, ungo umebaki mapajani. Picha za namna hii hazipatikani kwa kumwambia mtu asogee kushoto, na kwa kazi ya asubuhi ile peke yake ningemsifia kwa kila mwenye binti.

Sasa nifike kwenye lililoniuma. Wanaume walikuwa wamekwenda msikitini, na mpiga picha mwenzake wa kiume alikuwa nao huko. Sisi wanawake tulikuwa ndani tukimngoja bwana harusi aje kutoa mkono, na mdogo wangu ameketi juu ya mkeka, amepambwa, amefukizwa udi. Shangazi zangu ni saba. Wanne walitoka Pangani, wawili Muheza, na mmoja alitoka Mombasa akavuka mpaka wa Horohoro usiku ili asichelewe. Walikuwa wamechangishana miezi mingi nyuma kwa ajili ya kitambaa cha sare, na fundi alikuwa mmoja ili mishono isipishane. Bila kuitwa na mtu, walisimama, wakaingia mmoja mmoja, wakajipanga pande mbili za bi harusi kufuata umri, shangazi mkubwa akaweka sawa ushungi wake, wakatulia wakaikabili kamera.

Yule dada aliishusha kamera. Akasema, kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia, "Shangazi zangu, naombeni mwendelee na shughuli zenu, mimi sipigi picha za kujipanga."

Shangazi mkubwa akamjibu kwa upole, "Shughuli ni sisi, mwanangu."

Ningekuwa mimi, jibu hilo lingenitosha. Yeye aliwaonyesha kwa mkono waondoke dirishani, akaongeza, "Mnanizibia mwanga." Wakaondoka. Watu wazima saba, mkubwa wao amepita miaka sabini, wametawanywa na binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wao, ndani ya nyumba ya kaka yao, siku ya harusi ya mtoto wao.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila mara ninarudi pale pale: mtu aliyeapa kwamba haingilii tukio aliingilia tukio. Hakuna aliyewapanga wale kina mama. Mstari ule waliufanya wenyewe, kama wanavyoufanya katika kila harusi ya pwani, kwa sababu kujipanga kwa picha kwetu ni sehemu ya harusi kama ilivyo kula pilau. Mama zao walivaa vizuri wakaenda kusimama mbele ya pazia katika studio kama ile ya Capital Art, ambayo Ranchhod Oza aliifungua Unguja mwaka 1930, na kule kusimama wima na kuitazama kamera kulikuwa ndiyo heshima waliyoifuata. Picha ya mstari ndiyo inayoonyesha kwamba fulani alikuja, alisimama karibu na nani, alivaa nini. Na hao watu wa London, je, hawakuwa wamejipanga kando ya barabara? Cartier-Bresson hakuwafukuza kwanza ndipo apige.

Baada ya wiki chache picha zikaja, 612. Nilizipitia usiku kucha kuwatafuta shangazi. Yule wa Mombasa yumo mara moja tu, kwa mgongo. Nilikuwa nimeshaanza kuandika ujumbe wa kudai sehemu ya fedha irudishwe, ndipo nikaikuta picha ambayo hadi leo sijui niifanye nini.

Ni wao, wakitawanyika. Aliipiga sekunde chache baada ya kuwaambia waondoke. Shangazi mkubwa yuko mbele, ameinamisha macho, mkono wake umeushika ushungi kana kwamba unataka kuteleza. Nyuma yake mmoja amegeuka kumtazama bi harusi, na bi harusi, ambaye haruhusiwi kuinuka, amenyoosha mkono kuelekea kwao. Sare zile saba zinafuatana kuelekea mlangoni. Haiba yao yote imo, na aibu yao yote imo. Ni picha bora kuliko zote tulizoletewa, bora hata kuliko ya baba, na siwezi kuiweka katika albamu ambayo shangazi ataifunua. Huyu dada ana jicho la ajabu kabisa. Lakini huzuni aliyoipiga ni huzuni aliyoisababisha mwenyewe, na mimi ndiye niliyemlipa aje nyumbani kwetu.

Haki yake nimpe: mimi mwenyewe nilimwambia asipange mtu. Tuliafikiana pia kwamba picha za wanawake waliovua mitandio hazitatoka nje ya familia, na ahadi hiyo ameitimiza bila kukumbushwa. Laiti ningeandika katika mapatano orodha ya picha za ukoo na nusu saa ya kuzipiga, pengine nisingekuwa na la kulalamika. Anayenisoma na ana harusi mbele yake afanye hivyo kabla ya kutoa shilingi. Hata hivyo, kumwambia mtu mzima kwamba anaziba mwanga si jambo la kungoja liandikwe katika mapatano.

Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kusema asiajiriwe na mtu. Jana mdogo wetu wa mwisho, ambaye mahari yake imeshapokelewa, ameniambia kwamba anamtaka mpiga picha huyo huyo, kwa sababu ya ile picha ya baba. Nimempigia simu yule dada, nikamweleza kwamba shangazi saba watapigwa kwanza, wamesimama, wakiitazama kamera, na kwamba atawaomba radhi kabla ya kuishika. Amesema atafikiri. Nusu ya fedha bado iko kwangu.