PARI/GP: programu ninayoiamini kwa kupasua namba kubwa

Kwa anayehangaika na vigawo tasa vya namba ndefu (yaani namba tasa ambazo zikizidishwa zinatoa namba hiyo), hii ndiyo programu ningemshauri aanze nayo. PARI/GP ilianzia Bordeaux, Ufaransa, ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Usitegemee madirisha ya kupendeza wala vitufe vya kubofya. Unakuta alama ya kuuliza tu, unaandika, inajibu.

Jaribu 2^128+1, ile namba ya Fermat (zile za umbo 2^(2^n)+1) iitwayo F7 kwa kuwa n yake ni 7, yenye tarakimu 39. Tangu 1905 wanahisabati walijua si tasa, ila hakuna aliyeweza kutaja hata kigawo chake kimoja hadi Morrison na Brillhart walipoipasua mwaka 1970. Mimi niliandika factor(2^128+1) kwenye laptop ya kawaida kabisa, jibu likaja papo hapo:

59649589127497217
5704689200685129054721

Kila kigawo hukaa kwenye mstari wake, na kipeo chake pembeni, ambacho hapa ni 1. Utamu ni kwamba huishii hapo. Chukua chochote kati ya hivyo viwili, andika % 512 baada yake (yaani gawanya kwa 512 utazame baki), na baki litakuwa 1. Si bahati hiyo: Euler na baadaye Lucas walionyesha kwamba kila kigawo tasa cha F7 lazima kiwe hivyo. Ukitaka idadi ya vigawo vyote kuna numdiv (hapa ni 4), jumla yake ni sigma, na eulerphi inahesabu namba ndogo zaidi ambazo hazina kigawo cha pamoja na hiyo yako isipokuwa 1.

Sasa jambo linalonifanya niiheshimu. Vigawo vikubwa ambavyo factor inakupa vimepita kipimo cha haraka cha kukagua utasa wa namba, kiitwacho BPSW, na maelekezo ya programu yanasema wazi kwamba kipimo hicho si uthibitisho. Chini ya 2^64 imehakikishwa kuwa hakikosei kamwe. Juu ya hapo hakuna aliyewahi kupata namba iliyokidanganya, lakini pia hakuna aliyethibitisha kuwa haipo. Ukihitaji uhakika kamili, ipitishe namba yako kwenye isprime, amri inayothibitisha utasa, au weka default(factor_proven,1) tangu mwanzo. Kwa vigawo kama hivi vya F7 hutaona tofauti ya muda. Kwa tasa yenye maelfu ya tarakimu, jiandae kusubiri. Tafadhali msiandike "tasa" kwenye kazi zenu kabla ya hatua hii!

Andika \g4 ukitaka kuitazama ikifanya kazi. Inaanza kwa kujaribu tasa ndogondogo, inaenda kwenye mbinu ya Pollard, kisha mikunjo ya eliptiki, ambazo hunasa vigawo visivyo vikubwa sana, na mwisho inaleta mbinu nzito, chekeche la kipeo cha pili (quadratic sieve). Hapo ndipo utaelewa kwa nini urefu wa namba peke yake hausemi mengi. Namba ya tarakimu 200 inaweza kuisha upesi endapo vigawo vyake, ukiacha kile kikubwa kuliko vyote, ni vidogo. Inayotesa ni ya tarakimu 90 iliyotokana na tasa mbili zinazokaribiana urefu.

Ikipita tarakimu 100 na ikawa ya aina hiyo ngumu, usiilazimishe. Nenda CADO-NFS, programu nyingine ya kupasua namba, ambayo ndiyo iliyotumika kupasua RSA-250, namba ngumu ya tarakimu 250, mwaka 2020. Na kama kigawo kimoja umeshakipata kwingine, kirudishe huku kwa addprimes, nayo itakikumbuka na kushughulika na kilichobaki. Ikilalamika kwamba kumbukumbu haitoshi, ongeza kwa allocatemem kisha rudia amri yako.

Kwangu nyota tano. Wanaoanza wakae na sehemu ya nadharia ya namba katika maelekezo yake, maana amri nyingi zimeelezwa pamoja na mbinu iliyo nyuma yake.