TAHADHARI: Anayeuza "siku moja ya kutembea Istanbul" hapa Goma

Ndugu zangu wa Goma, hasa nyinyi wamama mnaofuata nguo Uturuki: kuna mtu upande wa Birere anauza tiketi za ndege za Kigali–Istanbul, na juu ya tiketi anaongeza kitu anachokiita siku moja ya kutembea jiji. Tiketi ni ya kweli. Hiyo siku ndiyo wizi. Jina siandiki, maana jina la ajansi na namba ya simu anabadilisha kila mara, lakini mtindo wake ni uleule na kwa mtindo mtamtambua.

Anaanza na tiketi kwa sababu tiketi inakaguliwa. Unaingia kwenye tovuti ya shirika la ndege, unaweka namba ya safari, unaona jina lako, moyo unatulia. Hapo ndipo anatoa karatasi ya rangi: gari, kiongozi anayesema Kiswahili, Hagia Sophia, Msikiti wa Buluu, jumba la Topkapi, soko la Grand Bazaar, mashua kwenye Bosphorus na chakula cha mchana. Dola 180 kwa kichwa. Nusu unatoa avansi hapa, nusu unamalizia Kigali saa chache kabla ya kupanda ndege, ukiwa umeshikilia mizigo na huna pa kurudi. Kwenye makuta ana macho makali kweli: noti ikiwa na mpasuko mdogo tu pembeni, anakurudishia. Risiti sasa ndiyo hana. "Mama, mimi na wewe ni ndugu, risiti ya nini?"

Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, na wenzake wanne walilipa. Siku waliyopangiwa ilikuwa Jumapili, na Grand Bazaar, lile soko la kale lenye paa na maduka yapata 4,000, Jumapili halifunguliwi. Kundi lililowatangulia lilipangiwa Topkapi siku ya Jumanne, na Jumanne ndiyo siku jumba hilo linafungwa. Msidhani ni kukosea kalenda. Mlango ukiwa umefungwa hakuna tiketi ya kununua, na mteja anaambiwa tu pole, leo wamefunga.

Gari halikuwapo. Kijana alikuja kwa miguu hadi hoteli yao Laleli, akawapandisha tramu ya T1, vituo vitatu, wakashuka Sultanahmet. Sisi wote tunaolala Laleli kwa ajili ya maduka ya jumla tunaweza kufika huko bila kiongozi, hata kwa mguu. Kadi shingoni hakuwa nayo, na Uturuki kiongozi wa watalii lazima awe na leseni ya serikali. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "karibu", basi.

Msikiti wa Buluu ni bure. Mgeni yeyote anaingia nje ya saa za swala, na mwanamke asiye na kitambaa anaazimwa pale mlangoni bila kulipa. Kijana alikusanya dola 10 kila mmoja "ya msikiti", kisha 5 za kitambaa. Yaya alikuwa amejifunga chake kichwani tangu Goma, na bado akalipishwa. Nafikiri hizo dola 5 zinamuuma kuliko zile 180.

Mambo yalifichuka Hagia Sophia. Jengo lile lilizinduliwa mwaka 537 wakati wa mfalme Justinian likiwa kanisa, likawa msikiti baada ya Waturuki kuuteka mji mwaka 1453, baadaye likawa makumbusho, na mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. Tangu Januari 2024 watalii wanalipishwa, na bei ilianzia euro 25. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake yenye msimbo wa kuskani. Mlinzi akaweka mashine: nyekundu. Karatasi ya pili: nyekundu. Mama mmoja akaelekeza simu yake kwenye ile karatasi, ikafunguka picha ya mnara wa Galata, si zaidi. Wakalinganisha zote tano: msimbo ni mmoja, umenakiliwa mara tano. Kijana akasema mtandao ni mbovu, na kwamba kwa nje ndiyo wanaona vizuri zaidi.

Akawapeleka duka la mazulia. Huko walikaa muda mrefu kuliko mahali popote siku ile. Chai ya vikombe vidogo, zulia juu ya zulia, na kila walipoelekea mlangoni muuzaji alitandaza jingine. Hawakununua. Mashua ya Bosphorus ilikuwa feri ya kawaida ya abiria kutoka Eminönü hadi Üsküdar, ile watu wanapanda kwenda kazini kwa kadi ya usafiri. Safari yenyewe nzuri, wanakiri, ila bei yake ni nauli ya mjini. Chakula cha mchana: simit, ule mkate wa duara wa ufuta, mmoja kwa kila mtu.

Ana biashara nyingine kwa wanaopitia Istanbul kwenda Ulaya: anawauzia matembezi ya kusubiria ndege kwa dola 120. Turkish Airlines wenyewe wanatoa matembezi hayo bure kwa abiria wao wa kimataifa wanaosubiri ndege ya kuunganisha kati ya saa 6 na 24. Unajiandikisha kwenye kaunta yao palepale uwanjani. Asichowaambia ni kwamba bila viza hutoki nje ya uwanja ikiwa pasipoti yako inaidai. Kuna baba wa Katindo aliyelipa na jiji akaliona kupitia kioo. Mambo ya viza ya mtandaoni angalieni evisa.gov.tr peke yake, tovuti ya serikali ya Uturuki: unachagua nchi ya pasipoti yako na yenyewe inakuambia. Viungo anavyotuma yeye kwa WhatsApp msivifungue.

Akikukaribisha, nunua tiketi kama bei inakufaa, lakini hiyo karatasi ya rangi mwachie. Waliokwisha kulipa wasifute ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money, na wasiende kumdai mmoja mmoja. Aliyekwenda peke yake aliambiwa alete ushahidi. Yaya na wenzake walipokwenda pamoja, wakakaa pale mlangoni wateja wengine wakisikia, alirudisha dola 60 kwa kila mtu kabla ya saa sita.

Nasikia kundi la mwezi ujao limeshatoa avansi. Wenye ndugu au majirani mle, wafikishieni hili kabla hawajavuka Grande Barrière, mpaka wa kuingia Rwanda, maana Kigali ndiko anakochukua salio.