Tiketi ya mbele kwa Springsteen: foleni ndiyo bei halisi

Kwenye ziara za kiangazi za Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, viwanjani Ulaya, tiketi ya eneo la mbele ya jukwaa haikuhakikishii kusimama kwenye uzio. Foleni ndiyo inayoamua, na mashabiki huiendesha wenyewe: unaandikisha jina, unachorwa namba mkononi, kisha majina huitwa mara kadhaa kwa siku. Usipoitika unafutwa, na kujitetea ni kazi bure. Kasoro kubwa ni kwamba orodha hiyo si ya uwanja. Walinzi wakiikataa, namba yako haina maana. Vaa kofia, kunywa maji kidogokidogo. Onyesho lenyewe huchukua takriban saa tatu. Wenye magoti mabovu wachukue viti. Sauti safi, kwa kweli, iko karibu na meza ya mafundi wa sauti. Mbele besi humeza maneno.