TV5MONDE Apprendre: Kifaransa cha bure kwa sisi tunaouzia Wakongo

Nauza vitenge Kariakoo na wateja wangu wengi wanatoka Lubumbashi, sasa kama umeshafanya biashara na watu wa kule utanielewa, Kiswahili tunapiga vizuri tu mpaka ifike kwenye bei. Hapo hapo mtu anahamia Kifaransa. Namba, tarehe, siku ya mzigo kutoka, yote Kifaransa.

Mwaka juzi nikalipia kozi ya jioni, sehemu siitaji, miezi mitatu tunakariri comment allez-vous (habari yako) na soixante-dix (70). Siku nampigia mteja ananiambia septante. Nikabaki kimya mpaka akaniandikia kwa meseji: 70. Kumbe Wakongo wamefuata Ubelgiji, 70 ni septante na 90 ni nonante, wale wa Ufaransa ndo wanasema sitini-na-kumi, na 90 kwao ni nne-ishirini-na-kumi. Mwalimu hakuwahi hata kugusia. Halafu ikaja ya dîner, hii iliniuma kweli. Mteja kaja Dar, kasema tuonane au dîner, mi najua dîner ni chakula cha usiku kama nilivyofundishwa, nikajipanga jioni, kumbe kwao dîner ni cha mchana na cha usiku ni souper, mzee wa watu kakaa mgahawani toka saa saba ananisubiri na simu yangu iko chaji dukani. Nilimwomba radhi sana.

Ndo nikaanza kutumia hii TV5MONDE Apprendre, sehemu ya kujifunzia ya TV5MONDE, ile TV ya Kifaransa, ipo kwenye tovuti na kuna app ya simu, hulipii hata mia. Unachagua level kuanzia A1 (wanaoanza) mpaka B2 (waliofika mbali), asiyejua kitu kabisa aanze na Première classe. Unaangalia video fupi halafu unafanya mazoezi hapo hapo, na kilichonikamata ni kwamba video zenyewe ni za TV kweli, watu wanahojiwa barabarani, sokoni, wanaongea kama wanavyoongea kwao. Hii TV ipo toka 1984 na wanaoichangia sio Ufaransa peke yake, kuna Ubelgiji, Uswisi, Kanada, Quebec na Monaco, kwa hiyo lafudhi unazosikia ni nyingi, akihojiwa Mbelgiji nonante inakuja yenyewe.

Kuna siku nilirudisha kipande kimoja kama mara 8. Mama mmoja anasema kitu kama "yapadsusi". Kuja kusoma maandishi yake, ni il n'y a pas de souci, yaani hamna shida! Darasani tuliiandika ndefu na tukaitamka ndefu, mtaani ile il inamezwa na ne inatupwa kabisa. Vivyo hivyo je ne sais pas, mtu anatoa "shepa" na kaendelea na safari. Hapo ndo nikajua kwa nini nilikuwa siwaelewi wateja wangu, nilikuwa nasubiri maneno ambayo hakuna anayeyatamka.

Ukishafika A2 ingia 7 jours sur la planète, ni habari za wiki, mi naangalia Jumapili usiku na daftari mkononi.

Kasoro? Video zinakula bando, tafuta wifi. Na matamshi yako hakuna wa kukukosoa uso kwa uso, hiyo lazima upate mtu. Mi nawatumia wateja wenyewe, wanafurahi mno ukijaribu. Wao ndo wamenipa on est ensemble, wanaagania nayo, ni tuko pamoja yetu ile ile neno kwa neno.

Kwa mfanyabiashara nampa 9 kwa 10. Juzi mteja kataja nonante-cinq haraka haraka katikati ya sentensi ya Kiswahili, nikaandika 95 kwenye risiti, akaichukua akaisoma, akaikunja akaweka mfukoni tukaendelea na vitenge.