Hadithi za simu na safari ya Gombe ukutani: uzoefu wangu na darasa la tatu

Nafundisha darasa la tatu kwenye shule ya msingi wilayani Manyoni, watoto 74. Nina simu yangu, laptop ya zamani na projekta ya kuazima ambayo lazima irudi ofisini kabla ya saa nane. Mwenye maabara ya kompyuta haya hayamhusu.

Nianze na African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake zilianza kupatikana mtandaoni mwaka 2014, ni za bure, na Kiswahili kimo pamoja na lugha nyingine nyingi za Afrika. Zimepangwa kwa ngazi, na ukishapakua unasoma bila bando. Kilichoniteka zaidi ni kwamba leseni yake inakuruhusu kuibadilisha hadithi. Moja ilikuwa na sukuma wiki, nikaweka mlenda. Darasa zima likacheka, na binti ambaye kila siku hujificha dawati la nyuma akanyoosha mkono asome yeye.

Faida nyingine sikuitarajia. Nina mtoto "anayesoma" kitabu cha darasa vizuri sana, hata kikiwa kimefungwa. Amekikariri chote. Nilipoweka hadithi mpya ukutani, nikielekeza neno moja moja kwa mpini wa fagio, alikwama mstari wa kwanza. Miaka miwili tumempa vema! Sasa kila wiki naweka hadithi mpya, na yeye naanza naye silabi.

Nilijaribu pia programu nyingine, jina naliacha, inayomsikiliza mtoto akisoma na kumsahihisha. Kwa kelele za watoto 74, ilisahihisha hata mbuzi aliyepita nje. Nimeifuta.

Kwa ziara ya ukutani nilitumia Google Earth, ramani ya dunia yenye picha zilizopigwa kutoka angani, na picha za Street View, zile za kutazama pande zote kama umesimama hapo, za Hifadhi ya Gombe, zilizowekwa mwaka 2014. Ukifungua unakuwa kwenye njia ya msituni, unageuka kushoto, kulia, unatazama juu kwenye matawi. Ndipo Jane Goodall alipoanza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Mara ya kwanza niliaibika: mtandao ulizunguka tu, nikaishia kuwaimbisha. Mara ya pili nilipiga picha za skrini usiku nyumbani. Zilionekana safi, lakini sikuona tofauti na kuonyesha kalenda.

Mara ya tatu nilianzia shuleni kwetu. Nikavuta picha karibu hadi bati zikaonekana, kimya kikatanda, halafu mmoja akapiga kelele: "Mwalimu, darasa letu halipo!" Kweli, picha ilipigwa kabla halijajengwa. Hapo nilipoteza dakika ishirini, maana kuna waliotaka kujua sisi tumekaa wapi basi. Kisha tukafuata reli ya kati kwa kipanya: Itigi, Tabora, Uvinza, Kigoma. Treni wanaijua, inapita hapa hapa, ila hawakuwahi kujua inakoishia. Kutoka Kigoma tukapanda kaskazini kando ya ziwa hadi Gombe. Sokwe waliwapendeza, ila mjadala wa mapumziko ulikuwa reli.

Kwa hiyo hadithi natumia kila wiki, ziara mara moja kwa muhula, tena baada ya kuipitia yote nyumbani. Madirisha yafunike kwa vitenge, la sivyo ukutani hawataona kitu. Sasa wanataka tuifuate reli upande wa pili, hadi baharini.