Lugha ya Jirani Shuleni Mpakani: Lazima au Hiari?

Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, tuiweke kando, maana Kiswahili kiko pande zote mbili. Mjadala wenyewe uko Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Kiborana huvuka mpaka bila pasipoti, ila karatasi za serikali kuu ya Ethiopia huandikwa Kiamhari, kwa herufi zake zenyewe, na hizo hujifunzi kwa kuzunguka sokoni. Mfanyabiashara wa Eastleigh, Nairobi, asiyezijua atatafuta mtu wa kumsomea stakabadhi, na msomaji naye atadai chake.

Hiari ndiyo hali ya sasa kwa lugha za kigeni. Inampunguzia mtoto mzigo. Tayari ana lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza. Lakini somo la hiari lisilo na mwalimu ni jina tu kwenye orodha. Hapa Nairobi mzazi mwenye uwezo atampeleka mwanawe Alliance Française akasome Kifaransa, au Goethe-Institut akasome Kijerumani. Wa Moyale je?

Lazima humbana mwenye serikali kabla ya mwanafunzi: itabidi aajiri walimu na achapishe vitabu. Jimbo la Saarland, Ujerumani, linalopakana na Ufaransa, lilitangaza mwaka 2014 mkakati wa kuwa na lugha mbili kufikia 2043. Karibu miaka 30! Sisi hutaka matokeo kabla ya uchaguzi ujao.

Naegemea lazima, ila kwa madarasa machache, bila mtihani wa kitaifa, na lugha iwe ya jirani halisi. Kumlazimisha mtoto wa Moyale asome Kijerumani ni kumwonea.