Usiniulize Inatema Risasi Ngapi, Nioneshe Magazini

Haya, karibuni. Swali mnaloniuliza kila siku: kati ya rashasha ndogo za Vita Kuu ya Pili, ipi ilikuwa kiboko? Na anayeuliza huwa ana jibu lake mfukoni: PPSh-41 ya Warusi, kwa sababu inatema risasi kama 900 kwa dakika. Sawa, lakini dakika nzima utaipata wapi? Magazini yake, yaani kile kikasha kinachobeba risasi, yenye risasi 35 inakwisha kwa sekunde mbili na ushee. Yale madebe ya duara ya risasi 71 nayo ni mazito, kuyajaza ni kazi, na debe la bunduki moja mara nyingi halikai vizuri kwenye nyingine.

Mimi napimia kwenye magazini. Sogeza kamera. Hii ni ya Sten ya Waingereza, tupu, ina kutu kidogo, msijali. Angalieni mdomo wake. Ndani risasi 32 zimepangwa safu mbili, zikifika juu zinabanwa ziwe safu moja. Umewahi kugombea daladala Kariakoo jioni? Foleni mbili, mlango mmoja, wa kushoto anasukuma, wa kulia anasukuma, wote wananasa na mkoba wa mama mmoja hapo katikati. Ndicho kinachotokea humu. Hizi kingo mbili za bati zikipinda kidogo tu, au mchanga ukiingia, risasi inakuja upande upande na bunduki inakwama. Ndiyo maana askari wengi walijaza 28 au 30, wakaiachia springi nafasi ya kupumua. Tena magazini yenyewe imetokezea ubavuni, kushoto, mkono unatamani kuishika kama mpini. Ukiishika, inalegea. Ikilegea, unajua kinachofuata.

MP40 ya Wajerumani inapendeza kwenye filamu, lakini mdomo ni uleule. Waingereza waliiga magazini ya Kijerumani wakarithi na ugonjwa wake.

Prague, tarehe 27 Mei 1942: Jozef Gabčík, askari wa upinzani wa Czechoslovakia, anasimama mbele ya gari la Reinhard Heydrich, kigogo wa Wanazi, anavuta kifyatulio cha Sten, kimya. Sababu inabishaniwa hadi leo, kwa hiyo sitaisingizia magazini. Mwenzake Jan Kubiš akarusha bomu, na Heydrich akafa tarehe 4 Juni.

Ila tusiionee Sten. Waingereza walikuwa wameacha silaha chungu nzima Dunkirk, pwani ya Ufaransa, walipowakimbia Wajerumani mwaka 1940, walitaka kitu cha haraka na rahisi, wakapata. Zilitengenezwa takriban milioni 4, nyingine na kampuni iliyokuwa ikiunda midoli! Bunduki mbovu uliyonayo inaishinda nzuri ambayo bado iko kwenye michoro.

Thompson ya Marekani? Magazini yake safi, risasi zinatoka kushoto, kulia, kushoto, hazibanani. Lakini karibu kilo 5 kabla hujaijaza, na mwanzoni mwa vita moja ilikuwa kama dola 200. Owen ya Australia wameweka magazini juu, risasi zinashuka na uzito wake na maganda yanadondokea chini. Ukiibeba unaonekana kituko, ila kwenye matope ya New Guinea ilikuwa inalia tu, haikwami.

Mimi nachukua PPS-43, nayo ya Warusi. Aliyeibuni ni Aleksei Sudayev, mji wa Leningrad umezingirwa na Wajerumani, watu wanakufa njaa, chuma cha kuhesabu. PPSh ilikula saa 7.3 za mashine kiwandani, hii ilikula 2.7. Kitako kinakunjwa, ina kilo 3 hivi, na magazini ya risasi 35 yenye mdomo mpana kama wa Thompson: kila safu ina mlango wake. Kasoro yake, haina sehemu ya kupiga risasi mojamoja. Lakini kasi yake ni kama 600 kwa dakika, kwa hiyo mwenye kidole chepesi anagusa, anaachia, inatoka moja.